Nusu Kichwa

"Dada, naomba simu."

Msusi hakugeuka. Alikuwa ameshika mafungu matatu ya nywele kati ya vidole vyake, na mafungu hayo ukishayashika huyaachii, kwa sababu ukiyaachia unaanza tena kutoka kwenye ngozi. Alimtazama mdogo wake kupitia kioo. Binti alikuwa amesimama mlangoni, sare imemganda mgongoni kwa jasho, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amekimbia.

"Mbona saa hizi? Shule imefungwa?"

"Mapumziko ya mchana. Naomba simu, dada, sina muda."

"Iko chini ya taulo. Kuna nini?"

"Mwalimu wa hesabu amerudisha ile kazi ya nyumbani. Nimepata thelathini na nane."

"Kwa ngapi?"

"Arobaini."

"Sasa hiyo ndiyo ya kukimbilia?"

"Anasema si kazi yangu. Mtihani uliopita nilipata tisa. Anasema mtu wa tisa hawezi kuamka na thelathini na nane, nimeandikiwa na akili bandia."

Mteja aliyekuwa kitini aliinua kichwa, na msusi akakirudisha chini taratibu kwa kidole kimoja. Mteja huyo alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayeuza mayai kwa jumla, na mtaa mzima ulimwita Mama Mayai. Tangu asubuhi hakuwa amenyamaza.

"Akili bandia ndiyo nini?" aliuliza akiwa ameinamia magoti yake.

"Ni programu ya kwenye simu, mama. Unaiuliza, inakufundisha."

"Kumbe. Mimi nywele bandia, wewe akili bandia. Tumekamilika."

Binti alikuwa anapekua simu kwa kidole gumba, haraka, macho hayapepesi.

"Mwenyewe alituruhusu kuitumia," alisema. "Ila alituambia tutunze mazungumzo yote, aone nani amefundishwa na nani ameandikiwa. Sasa anayataka kabla ya saa tisa. Nisipompelekea ananipa sifuri. Na saa tisa hiyohiyo anapeleka kwa mkuu wa shule orodha ya watakaoingia darasa la sayansi."

Vidole vya msusi vilisimama.

"Hayapo," alisema binti.

"Tafuta vizuri."

Maneno hayo yalimtoka kabla hajayapima. Alijisikia akiyasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwelekeza mwenzake palipo na chumvi.

Alijua kwamba hayapo. Jana mchana alimaliza kichwa cha mteja mmoja, kazi safi, mistari imenyooka kama imepigwa rula, akataka kukipiga picha. Simu ikakataa. Imejaa. Akatafuta cha kupunguza. Picha za mitindo hakuweza kuzigusa, maana wateja huchagua humo, na wa mbali huwatumia. Ndipo akaona yale mazungumzo. Marefu, hayana picha hata moja, namba na maneno, maneno na namba, unashusha hadi kidole kinachoka. Kazi yenyewe ilikuwa imeshakusanywa. Akayaona kama nywele zilizoanguka sakafuni jioni, ambazo zimeshafanya kazi yake na zinangoja ufagio. Simu ilimuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

"Labda ni mimi," binti alisema polepole. "Juzi nilipokuwa nafunga nilibonyeza kitu sikukielewa. Ni mimi tu. Mjinga mimi."

Msusi alifungua mdomo. Ulifunguka kabisa, na neno lilikuwa pale juu ya ulimi. Lakini binti alikuwa ameshaiweka simu juu ya taulo, ameipangusa kioo kwa upindo wa sketi kama anavyoipangusa siku zote, akasema, "Nirudi tu, dada," na mlango ukabaki na mwanga mtupu.

Akaendelea kusuka. Mstari wa kwanza, wa pili.

"Mkono Mwepesi," alisema Mama Mayai, kwa jina ambalo wateja walimpa kwa sababu havuti ngozi, "leo mkono umekuwa wa polisi."

"Samahani, mama."

Alifumua ule mstari, akauanza upya, ukatoka umekaza vilevile.

Alikuwa akiwaza jioni zote za mwezi ule. Yeye kwenye kigoda anamalizia kichwa cha jirani, mdogo wake kwenye mkeka, simu imeegemezwa kwenye kopo la mafuta ya nywele, anasoma kwa sauti. Kile kitu kilikuwa hakimpi jibu. Kinamuuliza. Umeanzia wapi? Kwa nini umezidisha hapa? Jaribu kuchora. "Hiki kinauliza kama mama mkwe," binti alisema siku moja, akaifunika simu kifudifudi kwa hasira, kisha akaifunua. Msusi hakuelewa nusu ya maswali yale. Yeye aliishia darasa la saba. Lakini alielewa sauti ya mtu anayekosea, na sauti ya mtu anayepata.

Hayo ndiyo aliyoyasikia. Kulikuwa na mengine. Kulikuwa na jioni ambazo binti alisoma kimya, mgongo ukutani, midomo haichezi, naye ana mteja na hana nafasi ya kutazama. Kilimpa jibu siku hizo? Alinakili? Kutoka tisa hadi thelathini na nane ni mbali. Hata yeye, angeletewa msichana wa kazi ambaye mwezi uliopita hajui kugawa nywele, leo anasuka mistari myembamba kama uzi, angemtazama mara mbili.

Alijifuta mafuta kwenye aproni, akachukua simu. Aliandika polepole, kwa kidole kimoja: *Nimefuta mazungumzo ya mdogo wangu. Unayakumbuka?*

Jibu lilikuja hapohapo, limepangwa vizuri, lina adabu. *Samahani. Mazungumzo yaliyofutwa siwezi kuyaona tena. Ungependa tuanze mapya?*

Aliisoma mara mbili. Akaiweka chini.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyeyafuta. Jana. Simu ilijaa."

Mama Mayai aliinua kichwa, akamtazama kupitia kioo.

"Na umemwacha aondoke anajiita mjinga."

"Nimemwacha."

"Saa ngapi sasa?"

"Nane na nusu."

"Shule iko mbali?"

"Ukitembea haraka, robo saa." Msusi alitazama kichwa kilichokuwa mbele yake. Upande wa kulia mistari ilikuwa imelala imetulia. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimesimama kama zimepata habari mbaya. "Lakini siwezi kukuacha hivi. Sijawahi kuacha kichwa katikati."

Na kweli hakuwahi. Mteja wa nusu kichwa hawezi kwenda sokoni, hawezi kupokea mgeni. Ni kama umemfungia ndani na kuondoka na ufunguo. Msusi akifanya hivyo mara moja, mtaa mzima unajua kabla jua halijashuka.

"Kwani umenisuka na miguu?" alisema Mama Mayai. Alikuwa ameshasimama, anatikisa vipande vya nywele kwenye gauni. "Nipe kitambaa. Chukua simu, twende."

Walitembea haraka. Kitambaa kililala upande mmoja na kuvimba upande mwingine, na watoto waliokuwa wakicheza kando ya mtaro walisimamisha mchezo kutazama. Mama Mayai aliwapungia mkono kama kiongozi. Msusi hakuona. Alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga yaliporomoka. *Mwalimu, shikamoo. Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Mwalimu, mimi ni mlezi wake.* Walipofika kwenye geti ndipo alipogundua kwamba bado ameshika kitana mkononi.

Darasa lilikuwa la mwisho, karibu na matangi ya maji. Wanafunzi wengine walikuwa uwanjani. Ndani alikuwepo mwalimu peke yake, amesimama mezani, begi begani na funguo mkononi, karatasi moja ya orodha imekunjwa chini ya kwapa. Mdogo wake alikuwa kwenye dawati la mbele, mikono juu ya dawati, hafanyi chochote. Alipomwona dada yake alishtuka, akaiona simu mkononi mwa dada, na uso wake ukapata tumaini ambalo msusi alitamani asingeliona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibuni. Umeleta mazungumzo?"

"Sikuyaleta. Hayapo. Nimeyafuta mimi." Yote aliyokuwa ameyapanga yalikuwa yamekimbia, yakabaki hayo tu. "Simu ni yangu, ya kazi. Ilijaa, nikafuta. Sikujua kama yana kazi bado. Na yeye hakujua kama nimeyafuta, mpaka sasa hivi."

Mdogo wake aligeuka akamtazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Mwalimu alishusha pumzi. Alikuwa bado kijana, lakini chini ya macho alikuwa mzee.

"Dada yangu, leo watu wote wamefutiwa. Mmoja amefutiwa na mjomba. Mwingine betri imevimba. Mwingine simu imeanguka kwenye ndoo. Niwaamini wote?"

"Hapana."

"Basi niambie, nikuamini wewe kwa lipi?"

Hilo hakulitegemea. Alitazama kitana mkononi mwake, akatazama ubao, ambao ulikuwa umefutwa vibaya na bado una alama nyeupe za somo la asubuhi.

"Mwalimu, mimi ni msusi," alisema. "Anakuja binti kuomba kazi, ananiambia anajua kusuka. Ana picha kwenye simu, nzuri. Mimi picha siziangalii. Picha anaweza kuzitoa popote. Nampa kichwa."

"Hata hiki," alisema Mama Mayai kutoka mlangoni, akigusa kitambaa chake. "Nusu bado ipo."

Kona ya mdomo wa mwalimu ilicheza kidogo, ikatulia. Alitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na mbili. Aliokota kipande cha chaki, akakiweka pembeni ya dawati la binti bila kumpa mkononi.

"Fimbo ya mita mbili imesimama wima uwanjani," alisema. "Kivuli chake ni mita tatu. Wakati huohuo kivuli cha mnara wa maji ni mita kumi na nane. Mnara una urefu gani? Andika kila hatua."

Binti aliinuka. Msusi na Mama Mayai walirudi nyuma hadi kwenye kibaraza, wakasimama kwenye dirisha lisilo na kioo. Sasa, wakati hakuna la kurudisha, ndipo hofu yenyewe ilipomkamata. Alikuwa amefuta mara ya kwanza kwa kutojua. Na hapa je? Kama zile jioni za kimya zilikuwa za kunakili, basi amemtoa mtoto mwenyewe na kumsimamisha mbele ya ubao auonyeshe utupu wake.

Binti alichora fimbo. Akachora kivuli. Akachora mnara, mrefu mno, ukakaribia ukingo wa juu wa ubao. Chaki ilivunjika, akaokota kipande kikubwa. Akaandika namba, mstari chini yake, namba nyingine. Mkono haukusita. Mwishoni akaandika ishirini na saba, akapiga mistari miwili chini yake.

"Ndiyo hiyo?" alinong'ona Mama Mayai.

"Sijui."

Alimtazama mwalimu. Uso wa mwalimu ulikuwa kama mlango uliofungwa. Aliikunjua orodha, akaitazama, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati. Hakusema umepata, hakusema umekosa. Kalamu ilikuwa wazi. Msusi alibana kitana hadi meno yake yakamchoma kiganjani.

Binti hakurudi kwenye dawati. Alibaki palepale, kichwa ameinamisha upande, anaitazama ile ishirini na saba. Midomo yake ilianza kucheza. Mwanzo bila sauti, kisha kidogo kidogo ikasikika hadi dirishani.

"Fimbo ni fupi kuliko kivuli chake," alijisemea. "Fimbo ni fupi. Sasa mnara umezidije kivuli chake? Jua ni lilelile."

Kengele ya saa tisa iligongwa. Nje uwanja mzima ulilipuka kwa miguu na makelele, na milango ya madarasa mengine ikaanza kugongana mmoja baada ya mwingine. Binti hakugeuka. Aliweka kiganja kizima juu ya ile ishirini na saba, akaisugua, vumbi jeupe likamwagikia kwenye sare yake hadi kiunoni. Akarudi juu, kwenye mstari wa kwanza, akaiweka chaki chini ya ile mbili, akasimama hapo akifikiri.

Mwalimu alitazama mlango. Akaitazama orodha. Kisha akavuta kiti, akakigeuzia ubaoni, akaketi na begi lake mapajani.