Sabuni Isiyotoa Povu

Bi Kola alipewa jina hilo kwa sababu humjua mtu kwa kola ya shati lake. Mpe shati, atakwambia kama mwenyewe huenda kazini kwa miguu, kama mkewe amemnunia, na kama ana tabia ya kulala na nguo za kutwa. Miaka ishirini na sita amewafulia watu nguo kwa mikono yake, na hakuna aliyewahi kumrudishia hata leso akidai haikutakata. Mwanamke wa namna hiyo humdanganyi. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amemdanganya mtu kwa miezi mitatu mfululizo, tena mtu anayelala chumbani kwake.

Mtu huyo alikuwa msichana wa kampuni ya sabuni. Kampuni ilitaka kuanzisha biashara pamoja na wanawake tisa wanaofua pale mtaani: watengeneze sabuni, waiuze, wafungue na mahali pao pa kufulia, na wawe na hisa sawa na kampuni yenyewe. Wakubwa wakamtuma msichana akaishi nao kwanza, ajifunze. Alikuja na begi moja na madaftari matatu, akapewa kitanda walicholalia watoto wa Bi Kola walipokuwa wadogo, ambao sasa kila mmoja ana kwake. Alikuwa mpole, mcheshi, na hakujua kukamua shuka. Wiki ya kwanza Bi Kola alimhurumia. Wiki ya tatu alijikuta akimwekea chakula kabla hajajiwekea mwenyewe.

Sabuni aliyoleta ilikuwa ya maji, ndani ya chupa, na haikutoa povu hata kidogo. Ndiyo sifa yake: nguo ukiisuuza mara moja imekwisha. Kwa watu wanaopandisha ndoo za maji kilimani kutoka bombani, hilo si jambo dogo. Siku ya kuionyesha, msichana alisimama mbele ya wanawake tisa, akainua chupa.

"Mnaionaje?"

"Nzuri sana, mwanangu!" walijibu wote kwa mpigo.

Wangejibu nini? Mgeni akikuletea kitu, husemi kibaya. Hata akikuletea jiwe unapokea kwa mikono miwili na kusema hili ndilo nililokuwa nalitafuta. Msichana akaandika daftarini: tisa kwa tisa. Wanawake wakarudi kwenye mabeseni yao na miche yao ya sabuni ya siku zote. Bi Kola aliuficha wake chini ya ndoo iliyopinduliwa. Kila wiki msichana aliuliza, kila wiki akaandika tisa kwa tisa, na kila wiki ulimi wa Bi Kola ukazidi kuwa mzito.

Na leo wakubwa walikuwa wanakuja kuagiza chupa elfu hamsini.

Bi Kola alikaa uani asubuhi hiyo na beseni tupu mbele yake. Chupa zikitengenezwa, zitaozea madukani, biashara yao itakufa kabla haijatambaa, na atakayeulizwa ni msichana. Akiambiwa ukweli, naye alivyo mnyoofu, atawaeleza wakubwa, na huenda wakamfukuza kazi leo leo. Kote kote aliona kile kitanda kikiwa kitupu. Alimpenda yule mtoto, na mapenzi ndiyo yaliyomfanya mwoga. Msichana alipotoka ndani na taulo begani, Bi Kola akapiga moyo konde, akainua ndoo, akautoa mche.

"Njoo ukae hapa. Sabuni yako haifai."

Msichana alicheka. "Mama, leo si siku ya utani."

"Sitanii. Hakuna hata mmoja wetu anayeitumia."

"Lakini mlisema nzuri! Wote! Nimeandika!"

"Uliandika adabu zetu, mwanangu."

Kicheko kilimtoka usoni. Akakaa juu ya kigoda taratibu.

"Ina ubaya gani? Inatakatisha. Tumeipima."

"Inatakatisha, sikatai. Ila mimi nafua huku naongea, huku naangalia sufuria jikoni. Povu ndilo linaloniambia mkono umepita wapi. Kwa hii yako nitafua kola mara tatu na kwapa nitalisahau."

"Kwa nini unaniambia leo, saa mbili kabla hawajafika?"

"Kwa sababu ulikuwa mgeni, sasa si mgeni. Na kwa sababu nilikuwa naogopa. Nisamehe."

Msichana alilia kidogo, akaingia ndani, akatoka ameosha uso.

Wakubwa walifika kwa gari, na kwa kuwa miezi mitatu ilikuwa imetimia, dereva alipakia begi la msichana moja kwa moja. Wanawake walikaa kwenye mabenchi. Mkurugenzi, bwana mmoja mwembamba mwenye shati jeupe, aliomba taarifa. Msichana akasimama.

"Tusitengeneze chupa hata moja. Sabuni hii watu hawaitumii. Kosa ni langu, nilishindwa kuwauliza vizuri."

Mkurugenzi akakunja uso, akawageukia wanawake. "Ni kweli?"

Hapo ndipo walipokaribia kuharibu kila kitu. Walimwona mtoto wao amebanwa, wakainuka kumtetea kama kuku mwenye vifaranga.

"Si kweli! Nzuri sana!"

"Hatujawahi kuona kama hii!" alisema Mama Pasi, anayenyoosha nguo za mtaa mzima. "Mume wangu siku hizi anang'aa mpaka uso!"

Bi Kola alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Walikuwa wanamzamisha kwa upendo. Jikaze kisabuni, akajiambia, akasimama na shati la fundi ujenzi mkononi.

"Bwana Mkurugenzi, kunja mikono ya shati ufue hili kwa sabuni yenu ya chupa."

Wanawake wakashika midomo. Mkurugenzi alimtazama, akatazama beseni, akachuchumaa. Alifua kwa bidii, tuseme haki yake, mpaka jasho likamtoka. Alipomaliza, Bi Kola aligeuza kwapa la shati kila mtu alione. Lilikuwa jeusi vilevile.

"Kola umeifua mara nne, nimehesabu. Kwapa hujaligusa. Na wewe umesoma!"

Mabenchi yote yalicheka, na Mkurugenzi akacheka pia, mikono ikichuruzika.

"Sasa tufanyeje? Turudishe povu?"

"Usirudishe! Maji yanatumaliza. Tengeneza mche, uwe na rangi ya buluu inayobaki kwenye nguo unapopaka na kutoka ukisuuza. Mkono utaona ulikopita."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Kumbe vifua tisa vilikuwa vimejaa. Inanuka kama hospitali! Chupa inateleza! Mama Pasi akakiri kwamba mumewe hajang'aa tangu amjue. Msichana aliandika mpaka daftari likaisha.

Mkurugenzi alimwita pembeni, karibu na gari. Bi Kola alijifanya anaanika shuka ambalo lilikuwa limeshaanikwa. Msichana aliporudi, macho yalikuwa mekundu lakini meno yote nje.

"Wamenipa miezi sita! Tunaitengeneza upya, na safari hii ninyi mnakaa mezani tangu mwanzo."

"Mungu mkubwa!"

"Ila Mkurugenzi anasema nimekuchosha vya kutosha. Amenitafutia chumba hotelini."

Bi Kola alinyoosha ukingo wa shuka. "Hotelini kuzuri, mwanangu," alisema. "Kuna maji ndani. Utapumzika."

Msichana hakuondoka. Alisimama tu akimtazama, mpaka Bi Kola akaliachia shuka.

"Sitaki uende," alisema. "Nitalalaje peke yangu? Nimezoea unavyokoroma."

"Mimi? Sikoromi! Si wewe mwenyewe uliniambia sikoromi?"

"Unakoroma kama mashine ya kusaga. Tangu siku ya kwanza."

Msichana akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamwita dereva ashushe begi.