Chungu cha MaNgema

MaZungu alipoolewa na mzee Khoza, alikuta nyumbani kitu kimoja tu cha marehemu mke wa kwanza, MaNgema: chungu cheusi cha pombe alichokifinyanga mwenyewe. Kila Jumapili Khoza alikifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, akakipaka mafuta ya ng'ombe na kukisugua taratibu mpaka king'ae.

"Baba, visigino vyangu vimepasuka," MaZungu alimwambia siku moja. "Hayo mafuta hayafiki huku?"

Khoza akacheka. "Wewe una miguu ya kuendea dukani kununua yako. Chungu hakina."

Mzaha huo ulimchoma. Khoza alipopeleka ng'ombe joshoni, MaZungu alikichukua chungu, akakisugua kwa sabuni na mchanga mpaka weusi ukachujuka.

Khoza aliporudi hakugomba. Alikinusa, kisha akamwekea mkewe kopo la mafuta mapajani.

"Umekiogesha wewe, basi kipake wewe."

MaZungu alipaka mchana kutwa, machozi ya hasira yakimtoka. Karibu na kitako, kidole chake kikaangukia alama ya dole gumba iliyobaki tangu udongo ukiwa mbichi. Alijua ni la nani. Akaliweka dole gumba lake palepale, akapima.

La MaNgema lilikuwa nene zaidi.

"Mbona unatabasamu?" Khoza akauliza.

"Hamna kitu, Baba," akajibu, akachota mafuta mengine.