Viatu Vyeupe vya Mjukuu wa Koplo

Haya nilisimuliwa na mke wa Koplo mwenyewe, mwaka juzi, tulipolazwa wodi moja ya macho, yeye kafungwa jicho la kulia na mimi la kushoto. Alisema tukijumlishwa tunapata bibi mmoja mzima anayeona, basi tuzungumze. Ninayaandika kama alivyoyasema, isipokuwa pale alipocheka sana nikashindwa kumsikia.

Mumewe watu wote walimwita Koplo. Jeshi alishaliacha miaka hamsini na tano iliyopita, ila cheo ndicho hakikumwacha. Alikwenda vitani kijana mbichi, akarudi na medali moja, sanduku la mbao lenye brashi na makopo ya dawa ya viatu, na vidole vinane vya miguu. Viwili vilibaki huko huko, kwa sababu ya buti zilizolowa wiki tatu bila kuvuliwa. Medali aliitia kabatini, chini ya mashuka. Sanduku aliliweka barazani, akaapa kwamba nyumbani kwake hatatoka mtu na kiatu kisichoangaliwa.

Na kweli hakutoka. Kwa miaka thelathini na moja Koplo alitunza stoo ya kiwanda cha magodoro, akalea watoto sita, na kila siku saa kumi alasiri viatu vya nyumba nzima vilipangwa barazani kwa kimo, vidogo mbele, kama gwaride. Hata ndala za plastiki alizipiga brashi.

"Afande, ndala haing'ai," mkewe alimwambia.

"Haijapata mtu wa kuibembeleza."

Mgeni aliyekuja kusalimia tu aliondoka na viatu vinavyolizidi shati lake kwa usafi. Na binti yao, kifungua mimba, ambaye leo ni mwalimu mkuu na watu wanamwogopa, siku zake za kwanza shuleni aliulizwa mtu ana vidole vingapi vya miguu. Akajibu vinane. Akaambiwa amekosa, akabisha, akabisha tena, mpaka baba akaitwa na kuvua viatu mbele ya darasa zima.

Basi Koplo akazeeka. Macho yakachoka, akabaki anaona mwanga na vivuli, lakini brashi hakuiacha. Mkono ulijua njia, ila siku hizi ulikuwa unaruka vituo: kisigino kinang'aa, pua ya kiatu ina vumbi la jana. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mkewe alingoja asinzie kitini, akavichukua viatu kimya kimya, akavirudia kimoja kimoja, akarudisha brashi sandukuni. Miaka miwili hiyo, na hakumwambia mtu. Aliogopa jambo moja: mzee akijua kwamba kazi yake inarudiwa, ataiweka brashi chini. Na akiiweka brashi, basi naye amekwisha.

Ikafika Alhamisi moja. Mjukuu wao wa mwisho, waliyemlea wenyewe tangu anatambaa, alikuwa amehitimu uuguzi, na kesho yake asubuhi alikuwa ale kiapo. Bibi alikwenda kliniki kupimwa presha. Foleni ikawa ndefu, na presha ikapanda kwa ajili ya foleni. Aliporudi ilikuwa imekaribia saa kumi na moja, akakuta watu watatu wamesimama barazani.

Koplo ameshika brashi. Mwalimu mkuu, aliyekuja kwa ajili ya sherehe ya kesho, ameshika kiuno. Mjukuu ameshika kiatu, machozi yanamtoka. Kilikuwa kiatu cha muuguzi, kipya, kilichonunuliwa cheupe. Sasa kilikuwa cheusi tii, na mwenzake vilevile, na haki ya Mungu viling'aa.

"Nilisikia ngozi ni ngumu," Koplo alisema. "Nikasema hiki kina kiu."

"Baba, kilikuwa cheupe! Mtoto anaapa kesho saa nne!"

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie kiatu ni cheupe? Kiatu kinaonekana!" Mwalimu mkuu akaliinamia sanduku, akalinyanyua. "Basi, yametosha. Leo naondoka nalo. Leo viatu, kesho utaupaka mkate dawa ya viatu. Na wewe mama, miaka yote hii hukujua kwamba haoni?"

"Usinifokee!" Bibi alikuwa amechoka na miguu inamuuma. "Hakuna siku iliyopita sijavirudia viatu hivyo! Ni leo tu sikuwepo—"

Akajiziba mdomo, lakini neno lilishatoka.

Koplo akapapasa, akalipata sanduku mkononi mwa binti yake, akalivuta, akalipakata. Akaweka brashi ndani. Akafunga kifuniko. Bibi aliniambia kwamba mlio ule mdogo wa kifuniko ndio aliouogopa miaka miwili yote.

"Brashi," Koplo alisema. "Mimi naiweka manyoya chini. Nimefundishwa hivyo. Miaka miwili sasa kila nikifungua naikuta manyoya juu. Nikasema, nyumba hii ina panya mwenye bidii."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Na wewe si ulinyamaza? Mapishi yako ya mwaka ule wa kwanza, mama watoto, nilikula nikalamba sahani. Kuna siku nilikusahihisha?"

"Mapishi yangu yalikuwa na kasoro gani?"

"Tuyaache. Leo tuna msiba mwingine."

Mjukuu akacheka, machozi bado yanamtoka. Mwalimu mkuu peke yake hakucheka.

"Baba, hayo hayafanyi kiatu kiwe cheupe."

"Mwalimu, una chaki?"

Alikuwa nazo, zinakaa kwenye mkoba mwaka mzima.

"Zisage. Na wewe mke wangu mdogo, muuguzi gani hana spiriti? Lete, na pamba, na sabuni. Mikanda yetu ya gwaride mlidhani ilizaliwa myeupe?" Akafungua sanduku. "Mama watoto, kaa hapa. Leo mikono yangu, macho yako. Tena waziwazi, usiniibie zamu."

Bibi akaketi naye kwenye kiti kirefu, bega kwa bega. Koplo akasugua.

"Kushoto kidogo. Hapo bado. Hapo tayari. Hapo, afande, unasugua kidole changu."

"Nilikiona kigumu, nikadhani kisigino."

"Kigumu kwa ajili ya nani?"

Weusi ukatoka, ukabaki kwenye mishono tu. Wakapaka uji wa chaki na sabuni, wakakausha, wakapaka tena, mara tatu. Mwalimu mkuu alianza kwa kutoa maagizo. Jua lilipozama alikuwa amepiga magoti anapuliza kiatu kikauke, na pua yake ina chaki.

Asubuhi walikaa safu ya nne. Mjukuu alipoitwa, akapanda jukwaani, Bibi akashika mdomo.

"Kuna nini?" Koplo alinong'ona.

"Chaki inadondoka. Kila hatua anaacha unyayo."

"Wa rangi gani?"

"Mweupe, afande. Mweupe pee, mpaka mbele ya mgeni rasmi."

Koplo akanyoosha mgongo. "Basi niambie kila akipiga hatua," alisema, naye Bibi akamhesabia zote, kwenda na kurudi.

Walirudi nyumbani mchana. Mwalimu mkuu alilibeba sanduku mwenyewe kutoka chumbani, lilikowekwa usiku, wazazi wakashtuka, kumbe analiweka barazani mbele ya kile kiti kirefu. "Masharti," alisema. "Mama anataja rangi kwanza." Kisha akaingia ndani kujinyoosha kitandani. Mjukuu yeye alishalala kwenye kochi na gauni lake la kiapo.

Ilipofika saa kumi viatu vilipangwa.

"Cheusi," Bibi alitaja. "Cheusi. Cha kahawia. Hiki cheupe, mikono juu!"

Koplo akainua mikono kweli. Alipofika jozi ya nne brashi ikapunguza mwendo, kidevu kikashuka kifuani, akaanza kukoroma. Bibi akaichomoa brashi taratibu kwenye vidole vyake. Akavitazama viatu: visigino vinang'aa, pua zina vumbi. Akaviacha vivyo hivyo. Akaiweka brashi sandukuni, manyoya chini, akaegemeza kichwa kwenye bega la Koplo apumzike kidogo tu, na hapo hapo usingizi ukamchukua.