Fiacre Mwalimu wa Kihispania

«Espanyole? Mimi naikunywa kama chai,» Fiacre aliwaambia watu wote wa avenue yao, kule Nyakasanza. Kwa bahati mbaya, Lydie, msichana wa jirani, alimsadiki.

Jumatatu Lydie angepewa mtihani wa lugha na masista wa Kihispania, waliokuwa wanatafuta mutu wa kuwatafsiria katika zahanati yao mpya. Tangu familia yake ikimbie vita vya Djugu, wote walilala chumba kimoja kwa mjomba, na kazi hiyo ndiyo ingewatoa humo. Alikuwa amejifundisha kitabuni peke yake, akakwama kwenye neno moja.

«Yaya Fiacre,» akamwita kama kaka mkubwa, «hii modal iko nini?»

Fiacre akasimama kama aliyeumwa na siafu. «Ngoja nikunywe maji kwanza.»

Kumbe simu yake ilikuwa kwa Katsuva, mchajisha simu wa jirani. Akaenda mbio, akasoma jibu humo bila kuichomoa kwenye waya, akarudi anahema, na uso wa profesa.

«Modal ni neno la kueleza namna. Kuna vitenzi vya modal: poder, kuweza, deber, kupaswa. Vinaonyesha kama jambo linawezekana ao ni la lazima. Unaona?»

Lydie aliona, akafurahi. Furaha hiyo ikamtia Fiacre moyo, na jasho pia.

«Na hapa wanaiweka kwa wimbo,» Lydie akasema, kidole kitabuni. «Canto modal.»

«Ah. Kuna mutu sijamusalimia pale inje.»

Akarudi na jibu: ni kama zile nyimbo za kanisa za zamani, zenye namna yao ya kupanda na kushuka, si kama za leo. Mama Geneviève, mama yake Lydie, aliyekuwa anachambua majani ya sombe mlangoni, akamtazama.

«Kijana iko na akili, lakini hakai chini. Utasema iko na minyoo.»

Fiacre akakaa. Mguu wake ukaendelea kutembea peke yake.

«Sasa nipe sentensi moja na hiyo modal, niseme mbele ya masista.»

Akaruka tena mpaka kwa Katsuva. Simu ilikuwa imezimika; mawingu yalikuwa yamefunika jua na panneau ya umeme wa jua haikuleta moto. Angeweza kurudi aseme hajui. Akarudi na uso ule ule wa profesa.

«Yo modal hospital,» akasema, sentensi aliyoipika pale pale njiani. «Maana yake: naweza kufanya kazi ya hospitali. Masista watashangaa.»

Hapo hakudanganya. Wangeshangaa kweli.

Lydie akafunga macho, akairudia, akairudia tena, kama mutu anayebeba mizigo ya nyumba nzima kuitoa inje. Fiacre akafungua mdomo amwambie aache, ndipo Katsuva akaingia na simu mkononi.

«Fiacre, kamata kitu yako. Nimechoka na weye. Unafika mbio, unasoma Espanyole, unakimbia. Wateja wanafikiri unaniibia. Jua imerudi, simu nimeiwasha. Soma hapa hapa.»

Mama Geneviève akaacha sombe. Lydie akafungua macho.

«Katsuva, na hii sentensi ya mwisho, aliisoma kwako?»

«Ya sasa hivi? Hapana. Alikuta simu imekufa, akasimama, akazungumuza peke yake.»