Dole la Chokaa

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, Kariakoo kila mtu aliuza alichonacho. Mimi niliuza tambuu, barazani kwa duka la vitenge la mzee Ramniklal: majani, popoo, chokaa na tumbaku kidogo. Binti yangu Swaumu alikaa nami, akitafuna kama mimi.

Asubuhi moja akaja Rinkal, mjukuu wa mzee, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Alishika karatasi na sponji ya wino.

"Shikamoo, Bi Mwanamkuu."

"Marahaba. Umekuja kutuandikisha kupiga kura?"

Akacheka. Alikuwa anakusanya alama za vidole za watu wanaotafuna tumbaku. Mistari ya vidole, alisema, huchorwa mtu angali tumboni mwa mama yake, na huenda ikaonyesha nani amezaliwa na mwili mwepesi kudhurika mdomo kwa tumbaku.

"Lakini bado tunatafiti. Haijathibitika."

Hilo la mwisho nililipuuza, nakiri. Miezi mingi hata pilipili kidogo ilikuwa ikiniunguza mdomo kuliko zamani, na niliogopa. Nilitaka kidole kiniambie niko salama, niendelee na biashara yangu. Nikatoa dole gumba kwa mbwembwe.

Karatasini likatoka doa jeusi, halina mstari hata mmoja. Miaka thelathini nimepaka chokaa kwenye majani kwa dole lile, na chokaa ilikuwa imelila hadi likawa laini.

Nikakasirika. "Basi soma vidole vingine."

"Hata hivyo vingine havitakuambia kitu leo," Rinkal akasema taratibu. "Hebu chukua vidole vitatu vya kati, vipange kimoja juu ya kingine, uviingize mdomoni. Mdomo ambao tambuu haijaukaza hupokea vyote vitatu."

Viwili vikaingia. Cha tatu kikagoma, nami nikasukuma hadi machozi yakanitoka. Kumbe ndiyo maana siku zile nilikuwa nikimega matonge madogo, nikisingizia uzee.

Rinkal akaniandikia barua ya kwenda hospitali. Hakuniahidi kwamba nitapona, na nilimpenda kwa hilo.

Nikamgeukia Swaumu. "Weka vyako."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Weka."

Vikaingia vyote vitatu, bila shida. Nikakinga kiganja chini ya kidevu chake, kama nilivyofanya alipokuwa mtoto akila udongo, nikamwambia ateme tambuu. Akatema. Nikafunika kopo la tumbaku, nikalia palepale barazani, mbele ya wateja.