Ruhusa ya Silas Tulk

Jumamosi asubuhi Colleen Tulk alichochea jiko la kuni, akampakia mama yake siagi kwenye skoni, akamfunga shali mabegani, kisha akampa habari: kamati ya njia ya matofali imekataa tena.

"Safari hii wanasema nini?" aliuliza Verna.

"Yaleyale, mama. Babu Silas hana mwisho."

"Hana mwisho! Wamwache mzee wa watu."

Katika mji wetu, hapa Tasmania, kuna njia ya matofali kando ya barabara kuu. Kila tofali lina jina la mfungwa mmoja aliyeletwa kwa meli kutoka Uingereza, na kosa lake, na mwisho wake: aliachiwa, alikufa au alitoroka. Zamani hakuna aliyetaka kusikia habari hizo. Bibi yake Verna alikuwa akiapa kwamba akina Tulk walikuja kwa nauli yao, na mtoto aliyeuliza zaidi alichapwa kofi. Siku hizi mambo yamegeuka. Asiye na mfungwa kwenye ukoo wake anaonekana mtu wa kuja.

Verna alikuwa na mapafu mabovu, na daktari alishasema baridi ile hataivuka. Alitaka jambo moja tu, kuliona tofali la Silas chini pale barabarani. Lakini Silas aliiba jibini, akapewa miaka saba, akashuka melini, akakabidhiwa kwa tajiri Ransley kufyatua matofali, na baada ya hapo serikali haikumwandika tena popote, na kamati haimwekei tofali mtu asiye na mwisho. Mwenyekiti wa kamati ni Roderick Ransley, kitukuu wa tajiri huyohuyo, anayekaa kwenye nyumba ileile kubwa. Naye anapenda kanuni kuliko watu wanavyopenda chai.

Mchana ule Colleen alikwenda kwenye ukuta wa zizi la Ransley kutafuta alama ya Silas. Wafyatuaji wa enzi zile walikuwa wakibonyeza kidole gumba kwenye udongo mbichi ili msimamizi ajue kazi ya nani. Akina Tulk wote wana gumba lililopinda kwa ndani, na Colleen alipita akijaribu lake, tofali kwa tofali, mpaka akapata alama iliyomkaa sawasawa. Tofali lile lilikuwa bado bichi, kama limefyatuliwa asubuhi ile. Akafuta udongo kwenye sketi, akarudi nyumbani kupika.

Jumapili baada ya chakula, Silas mwenyewe, yule wa jibini, alikuwa nyuma ya kibanda chao akikanyaga udongo. Alivaa suruali ya kitambaa cha njano na kofia ya ngozi, mavazi ya wafungwa wa enzi zile, miguu mitupu kwenye jalidi.

Verna alimtazama kupitia dirishani. "Mwambie asogee huku. Kule maji yanatuama, matofali yatapasuka."

Colleen alimwambia, na Silas akasogea. Jirani alilalamika juu ya moshi wa tanuri la kuchomea matofali tu, tena kwa adabu.

"Babu, ingia ndani ule," Colleen alisema.

Silas alivua kofia. "Siruhusiwi, bibi."

"Lakini kifungo chako kilikuwa miaka saba."

"Ilikwisha, bibi. Bwana akasema ruhusa yangu ya kuondoka haijatoka, niendelee na kazi kwanza."

"Ukaendelea mpaka lini?"

Silas alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Si unaniona?"

Basi ikajulikana. Ransley yule hakupeleka jina lake serikalini muda ulipokwisha, maana mtu aliyeachiwa hudai mshahara, na nyumba kubwa ilikuwa haijaezekwa. Colleen alilia kwa hasira akiosha vyombo, kisha akatoka tena na sabuni mikononi.

"Babu, mimi nakwambia uko huru. Nenda zako!"

"Ahsante, bibi. Una moyo mzuri," Silas alisema. "Lakini neno hilo ni la bwana." Akaendelea kukanyaga.

Verna alisikia yote kutoka kitini pake. "Niitie Roderick. Si anataka mwisho? Aje autoe mwenyewe, anao mdomoni."

Roderick Ransley alikuja saa ya chai, na kwa kuwa hatuendi kwa mtu mikono mitupu, alileta pai ya nyama ya kombe wa baharini iliyotiwa bizari. Alisimama uani, akalichukua tofali moja, akaligonga kwa ukucha.

"Safi sana," alisema. "Ukuta wangu wa kaskazini umeanguka wote, mnajua?"

"Roderick," Verna aliita kutoka mlangoni, pumzi zikimkatika, "sikuombi shamba. Mwambie imetoka. Neno moja, halafu mzee wa watu akalale, na mimi nikalale."

"Nikisema imetoka leo, Verna, watu watauliza kwa nini haikutoka siku ile."

"Na waulize!"

"Wewe unasema hivyo kwa sababu nyumba si yako."

Silas alikuwa amekwisha kumwona. Ile pua ya akina Ransley haipotei. Alinawa mikono kwenye ndoo, akavua kofia, akaja kusimama hatua chache mbele yake, macho chini.

"Samahani, bwana. Ruhusa yangu imetoka?"

Colleen alimshika mama yake mkono. Roderick si mtu mkatili. Huwapa watoto wa shule matufaha ya bure, na msibani huwa wa kwanza kufika. Aliangalia viatu vyake, akaliangalia lile tofali, akakohoa.

"Bado, Silas," alisema kwa upole. "Bado kidogo."

"Ahsante, bwana."

Silas akavaa kofia, akarudi kwenye udongo. Roderick alikaa akanywa chai, kwa sababu ilikuwa imeshamiminwa.

Verna alikufa mwezi wa Agosti. Jeneza lilipotoka mlangoni Silas alisimama wima, kofia kifuani, mpaka gari lilipopinda kona. Kamati ilituma maua. Colleen humwachia chakula karibu na tanuri, na asubuhi hukuta sahani imeoshwa. Kila Jumatatu pikapu ya Ransley huja kuchukua matofali, na Silas humsaidia dereva kupakia.