Kitambaa cha Mama Otema

Mimi hupiga kelele. Ninalisema hili mapema ili mtu asije akadai kwamba nilificha. Katika miaka tisa ya kufundisha ushonaji hapa Nakawa, Kampala, wanafunzi watatu wamenikimbia kwa sababu ya mdomo wangu. Wa mwisho, Bonny, aliomba ruhusa ya kwenda kununua soda, na mpaka leo ananunua.

Concy hakunikimbia. Alifanya jambo baya zaidi: alibaki, akaogopa. Wiki yake ya kwanza alikata mkono wa blauzi upande usiofaa, nami nikamfokea hadi wauza nyanya wa nje wakanyamaza. Mkasi ukamtoka mkononi. Tangu siku hiyo, kwa miezi sita, alikata magazeti tu. Kwenye gazeti alikuwa fundi kamili. Alikata shingo, mikono na mabega ya gomesi, lile vazi refu la heshima la akina mama wa Uganda, kutoka kurasa za michezo, na kila kipande kilikaa sawasawa. Ukimwekea kitambaa, mkono unatetemeka, anasema kichwa kinamuuma, anakwenda kufagia. Duka langu halijawahi kuwa safi kama mwaka huo.

Kosa lilikuwa langu. Nililijua vizuri sana, na kulijua hakukunisaidia kitu.

Mume wa Concy, Ocaya, alikuwa polisi. Alifariki Februari, na Concy akapewa mpaka mwisho wa Agosti awe ameondoka katika nyumba yao kwenye kambi ya polisi, yeye na watoto wake wawili. Mimi nilikuwa na cherehani moja isiyo na mtu. Nikamwambia wazi: "Concy, kazi ipo na ni yako, lakini siwezi kuajiri fundi wa magazeti. Wateja wangu hawavai magazeti."

"Ndiyo, mwalimu," akasema, akachukua ufagio. Agosti ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Dawa yangu ya zamani kwa waoga ilikuwa mabaki. Nilikuwa nampa mwanafunzi kitambaa kibovu na kumwambia, "Kata tu, hata ukiharibu si kitu." Wote waliharibu. Ilinichukua miaka tisa kuelewa kwamba nilikuwa nimewaagiza waharibu. Kwa hiyo safari hii niliamua kutosema neno. Nilikuwa na mita sita za kitambaa cha kijani kilichorukiwa na madoa, nikakitia kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, pamoja na karatasi ya vipimo nilivyovitunga mwenyewe. Jumanne asubuhi nikaweka kaveera mezani mbele ya Concy.

"Hiyo ni gomesi. Vipimo viko ndani. Kata." Nikageuka kabla kichwa hakijaanza kumuuma.

Sasa, kulikuwa na Mama Otema, mke wa askari wa kambi ileile. Binti yake alikuwa na kwanjula Jumamosi, ile siku mchumba anapokuja na watu wake kujitambulisha ukweni, na mama wa binti hawezi kutokea na gomesi ya mwaka jana. Kitambaa chake kililetwa na dada yake kutoka Dubai: hariri, ya kijani, mita sita. Kampala nzima hakuna kingine. Nacho nilikuwa nimekiweka dukani kwenye kaveera nyeusi, pamoja na karatasi yenye jina lake na vipimo. Kaveera zote za Nakawa ni nyeusi, na hilo niko tayari kulirudia mbele ya hakimu.

Saa nne nikafungua kaveera ya Mama Otema ili nianze kazi yake, nikakutana na madoa.

Niliinua macho. Concy alikuwa amekwisha kuingia kwenye hariri ya Mama Otema, mkasi na mkono, mpaka karibu na kiwiko.

Kelele ilinipanda kutoka tumboni. Nilijua nikiiachia mkasi utateleza, hariri itakwisha, na Concy atakwisha pamoja nayo. Nikinyamaza, huenda kimojawapo kikapona. Nikachukua pini sita, nikazibana midomoni kama mafundi tunavyofanya, nikakaa kwenye stuli. Mtu mwenye pini sita midomoni hapigi kelele. Akijaribu, anazimeza.

"Mwalimu, hapa nashuka hivi?" Concy akauliza.

"Mm."

"Mm ya ndiyo ama mm ya hapana?"

Nikamtazama. Yeye akatazama kitambaa. "Basi mimi nitashuka hivi," akasema, akashuka, na ikawa sawa.

Alipofika ubavuni aliuacha mstari wa chaki aliouchora mwenyewe, akakata nje yake kwa upana wa vidole viwili. Vidole viwili! Machozi yalinitoka, nikajifanya nimeingiwa na vumbi, ingawa katika duka lile vumbi lilikuwa limekwisha tangu Machi. Ubavu wa pili akafanya vilevile. Kabla ya saa sita akapanga vipande mezani.

"Nimemaliza, mwalimu." Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. Nikazitema pini kiganjani, moja moja.

Kushona hakujawahi kumshinda. Alhamisi gomesi ilikuwa tayari, na Ijumaa Mama Otema akaja kujaribu. Vipimo alikuwa amenitumia mwenyewe kwa simu. Akaingia nyuma ya pazia, nami nikaanza kukumbuka ndugu zangu wa Bungoma na jinsi ya kuwafikia haraka. Akatoka. Gomesi ilikuwa imemkaa. Kama ingekatwa kwa vipimo vile vya simu, ingepasuka ubavuni mbele ya wakwe.

"Mwalimu Nerima," akasema akijigeuza kwenye kioo, "hii mikono yako, Mungu abariki."

"Si yangu. Aliyekata ni Concy."

"Mke ya Ocaya?" Akamtazama vizuri. "Eh! Basi na ya dada yangu atakata yeye huyu."

Alipoondoka nikamuuliza Concy habari ya vidole viwili.

"Mama Otema anadanganya, mwalimu. Kila siku mimi namwona kwa bomba ya maji. Mwili yake si ile ya karatasi."

"Kwa hiyo ulijua kitambaa ni cha nani?"

"Si jina iko kwa karatasi?" Alikuwa anaokota nyuzi sakafuni bila haraka. "Ile asubuhi nilisoma, nikaogopa, nikataka kwenda kufagia. Halafu nikasema, hii ni kitambaa ya mtu. Ya kwanjula. Na mwalimu ameniwekea yeye mwenyewe, hajasema hata 'chunga'. Nikasema, kumbe huyu mama ananiamini. Basi nikakata."

Maelezo yote yalikuwa tayari kwenye ulimi wangu: kaveera mbili, rangi moja, macho yangu ambayo hayaoni tena kama zamani. Nikayameza.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuamini."

Akacheka, akaendelea na nyuzi zake. Siku hizi anakata nguo za wateja wangu wote, na mimi ndiye ninayemuuliza yeye. Lakini ule ulikuwa uongo, na unaniuma kila Jumapili nikipiga magoti. Asubuhi ile ya Jumanne, kati ya sisi wawili mle dukani, ni mmoja tu aliyemwamini mwenzake, na hakuwa mimi.